Wiki ya Johana ya Kusema Ukweli

“Halafu anakoroma,” Johana akaongeza juu ya binti yake.

Kikombe cha mursik, maziwa ya mgando ya kibuyuni, kikakwama hewani, nusu ya safari kwenda mdomoni mwa Mzee Kipkurui.

“Anakoroma vipi?”

“Kama lori la majani ya chai likipanda mlima na mzigo. Mbwa wetu alihama.”

Mzee Kipkurui akamgeukia mpwa wake Aron, bwana harusi mtarajiwa. Macho ya Aron yalikuwa kwenye sahani ya nyama.

Hii ilikuwa posa ya tatu. Nyumba mbili zilishamkataa kijana, na mamake alikuwa amesema wazi: tukikataliwa tena, atatafutwa msemaji mwingine. Mzee Kipkurui, msemaji wa ukoo, anyang'anywe posa! Afadhali anyang'anywe suruali katikati ya soko la Kapkatet.

Na hii ilikuwa iwe rahisi. Jumapili iliyopita mwalimu mgeni alifundisha kanisani juu ya uongo. Ukimdanganya mtu, alisema, umemfanya jembe: unamtumia kulima shamba lako na yeye hajui. Watu wakatikisa vichwa, wakangoja kwenda kula. Johana peke yake ndiye aliyesimama, akainua mkono, akaapa kwamba wiki nzima hatasema uongo hata kidogo, hata kwa mkewe.

Mzee Kipkurui alitoka kanisani akisugua mikono. Siku ya posa kila baba huficha kasoro za binti yake, na huyu ameapa kutoficha! Akapanga kuja Jumamosi, wiki ikiwa bado hai. Yeye mwenyewe hakuwa ameapa kitu. Alilifikiria jambo hilo kwa kina, akaona kwamba ukweli ni kama barabara ya mashambani: mmoja akiitengeneza, wote wanapita.

Kwa hivyo alipomsifu Aron alisema kijana yuko kiwanda cha chai kila siku ya Mungu. Hakusema kwamba yuko nje ya geti, anacheza drafti.

“Haya, Baba Nelvine,” akajikaza sasa. “Kukoroma si dhambi. Shambani je? Chai anachuma?”

“Chai? Huyo mchai na ua wa boma haoni tofauti. Siku moja alitujazia kikapu majani ya ua.”

Nelvine akaingia na kibuyu kuongeza mursik. Ncha za vidole vyake zilikuwa nyeusi, ule weusi wa utomvu wa majani unaokataa sabuni. Kumbe hata kunawa hanawi, Mzee Kipkurui akawaza, akakifunika kikombe chake kwa kiganja.

“Na kupika?”

“Mwaka jana alisonga ugali. Tukaazima shoka kwa jirani.”

Aron akafungua mdomo kwa mara ya kwanza tangu wafike, ukiwa umejaa. “Na hii nyama tamu hivi?”

“Jirani huyo huyo,” Johana akajibu.

Rodah, mke wa Johana, akajifunika uso kwa leso, mabega yakitetemeka. Maskini mama, aibu inamuua.

Lakini Mzee Kipkurui hakuwa mtu wa kukata tamaa upesi. Karibu na mlango aliona sanduku la bati lililopakwa rangi mpya, kufuli linang'aa. Angalau hawa wako tayari kumtoa binti. Hata mizigo wameshafunga!

“La mwisho, mzee mwenzangu. Hasira anazo?”

Johana akavuta kiti karibu, akashusha sauti, akainua mdomo wa juu kwa kidole. Palikuwa na pengo la jino.

“Nilimwambia tu chumvi imezidi.”

Basi wageni wakakumbuka ghafla kwamba kuna ng'ombe wa kukamuliwa. Wakaaga vizuri, wakasema watakwenda kushauriana, wakashuka mteremko kwa mwendo usiofaa watu walioshiba.

“Mtu mwaminifu namna hii sijaona!” Mzee Kipkurui akasema walipofika barabarani, akifuta jasho. “Ametuokoa. Na mamako nitamwambia kwa kifua mbele: safari hii hatukukataliwa. Tumekataa sisi!”

Akainua mkono kurekebisha kofia, akagusa upara mtupu. Akamwacha Aron hapo, akarudi juu.

Kabla hajafika mlangoni alisikia vicheko jikoni. Akasimama nyuma ya ua.

“Asante, Baba,” Nelvine alikuwa akisema. “Jumatatu naenda chuo cha ualimu na roho safi. Lakini ile ya kukoroma hatukuwa tumepanga!”

“Na yule mwalimu wa Jumapili?” Rodah akauliza, akipangusa machozi ya kicheko. “Si alisema ukimdanganya mtu umemfanya jembe?”

“Alisema kweli,” Johana akajibu. “Na angalieni, jembe limesahau kofia.”