Shingo ya Hagos

Karatasi ilikuwa imeloa ndani ya mfuko wa jinzi ya Feven, lakini maandishi yalisomeka bado: "Hagos. Shingo. Ya sita. Jumamosi, saa nne asubuhi." Juu yake palikuwa na picha ya fuvu lililouma ua, na jina la duka la tatuu.

Mebrat aliisoma mara mbili, amesimama mbele ya mashine ya kufulia. Ya sita. Maana yake mtoto alikuwa na nyingine tano.

Na yeye, mama mzima mwenye stashahada ya famasi, hakuona kitu. Msimu mzima wa baridi binti alivaa sweta za shingo ndefu, naye akaamini ni baridi ya Ohio.

Hagos lilikuwa jina la marehemu baba yake Mebrat, babu yake Feven. Siku walipoingia Amerika, karani aliwaandika wote jina hilo, maana huku familia nzima hubeba jina moja kama magari ya kampuni. Feven alipozaliwa naye akabandikwa.

Leo ndiyo ilikuwa Jumamosi, na saa nne imepita kidogo. Mebrat alimpigia simu.

"Uko wapi?"

"Na bibi, mama. Si nilikuambia tunakwenda kutafuta unga wa teff?"

"Mpe simu."

Nyuma ya sauti ya Feven kitu kilikuwa kinadata kama mafuta ya moto kwenye kikaango.

"Bibi hawezi kushika simu sasa hivi. Tutarudi mchana."

Kwa hiyo bibi amegeuzwa kisingizio. Mebrat alichukua funguo za gari.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa mahafali. Feven ndiye aliyechaguliwa kusoma hotuba ya darasa lake, mbele ya watu elfu mbili. Mebrat alitaka kitu kimoja tu: mtoto wake apande jukwaani, asome, ashuke, na asiwepo mtu wa kumnong'oneza jirani yake. Hakuwa anaogopa wino. Alikuwa anaogopa macho ya watu, na aliyajua.

Mama yake, Letay, alichorwa shingoni huko kwao Tigrai akiwa na miaka minane, mistari ya kijani iliyozunguka shingo kama mkufu, ambayo huku huifunika kwa mtandio. Mpaka leo akimwona keshia wa dukani mwenye waridi mkononi, humvuta Mebrat mkono.

"Huyu kalipa achomwe?"

"Kalipa, mama."

"Sisi tulishikwa miguu," husema, na kucheka mpaka anakohoa.

Mebrat alipokuwa na miaka kumi na mitano, mvulana mmoja darasani alimwuliza kama mama yake aliandikwa kwa kalamu akiwa usingizini. Darasa likacheka. Mebrat naye akacheka, tena kwa sauti kuliko wote. Jioni alimwambia mama yake kwamba shule za huku haziiti wazazi. Miaka mitatu baadaye, siku ya mahafali ya Mebrat, Letay alisema ana mafua.

Sasa watoto wa Columbus wanapanga foleni wachorwe, majina ya wapenzi, nyota, mbwa waliokufa. Mebrat hakudanganyika. Waridi la msichana wao huitwa sanaa. La binti Hagos lingepewa jina jingine.

Aliegesha gari upande upande mbele ya duka na kuingia. Msichana wa mapokezi alikuwa na ndege shingoni, mbawa zimefika masikioni.

"Habari za leo?"

Mtu akikuuliza hivyo huku hasubiri jibu, naye Mebrat hakumpa.

"Hagos yuko wapi?"

"Shingo? Kule nyuma, mama, pazia la pili. Una familia ngumu wewe. Wanaume wenye misuli kama mafahali wanalia humu ndani. Yule hata kushtuka hashtuki."

"Nani aliwapa ruhusa?"

"Kasaini mwenyewe. Umri anao, mama. Anao na wa kugawia wengine." Akacheka.

Mebrat hakuona cha kuchekesha. Alimpita mwanamume mnene aliyelala kifudifudi, sura ya mbwa wake ikichorwa kwenye shavu la mguu, ulimi nje. Watu hawa, aliwaza, wanaona aibu kulia mazikoni, halafu wanalipa wabebe msiba kwenye ngozi. Maneno yake aliyapanga njiani kote: vaa koti, ingia garini, nyumbani tutazungumza.

Alivuta pazia.

Feven alikuwa ameketi kwenye kigoda, shingo yake safi kama alivyozaliwa nayo. Ameshika mkono wa mtu.

Kitini alilala Letay, miwani nyeusi machoni, shingo imevimba na kung'aa kwa dawa. Mistari ya kijani ilikuwa imebaki kivuli tu, kama maandishi yaliyofutwa ubaoni. Fundi alikuwa anaiweka pembeni mashine yake ya mwanga, ya kufutia tatuu.

"Mama, nisikilize kwanza," Feven alianza.

"Usimgombeze mtoto," Letay alisema kwa Kitigrinya, bila kugeuza kichwa. "Mimi ndiye niliyemtuma. Hii mara ya sita ndiyo ya mwisho. Wanasema mpaka Jumamosi uvimbe utakuwa umeshuka."

Mebrat aliachia pazia.

"Mahafali yako niliyatazama nikiwa ndani ya gari, ng'ambo ya barabara," mama yake alisema. "Kofia niliziona mlipozirusha, zilipanda juu ya uzio. Ya huyu, mwanangu, naomba kiti huko ndani."