Maji ya Kifuani

Mchungaji Kivuva alikuwa akibandua picha zake mwenyewe. Alianzia soko la Burma, kwenye ukuta wa bucha, akiikwaruza karatasi kwa funguo, na alipofika Muthurwa kucha zake zilikuwa zimejaa gundi. Waliomwona walimhurumia. Walisema msiba wa kijana wake wa kanisa, Muoki, umemwingia, hataki hata kuona tangazo la ubatizo ule.

Tangazo lenyewe lilikuwa zuri, tusiseme uongo. Mchungaji ndani ya bwawa la kuogelea, joho jeupe, mikono juu, maji yamemfika kifuani. Chini yake maandishi mekundu: NJOO UZAMISHWE KABISA. Mwaka uliotangulia walikuwa wamekodi kidimbwi cha watoto, na kanisa jirani likacheka mpaka likachoka, likisema watu wa Kivuva huoshwa miguu tu. Kicheko kile kilimchoma. Kwa hiyo safari hii alilitangulia kundi lake, akaenda bwawani peke yake, akaegemeza simu kwenye kiti cha plastiki na kujipiga picha.

Siku ya ubatizo, kabla hata ya wimbo wa kwanza, Muoki alivua shati, akakimbia, akajitupa majini kichwa mbele, pale pale ilipopigwa picha. Mchungaji alikuwa kando akifunga joho lake. Alimwona anaanza kukimbia. Alifungua kinywa, kisha akakifunga.

"Usijilaumu, Pasta," walimwambia baadaye. "Kuogelea hujui. Ungefanya nini?"

Kila alipofarijiwa aliona aibu zaidi, na watu walivyokuwa wema walizidi kumfariji.

Muoki hakufa. Shingo ilivunjika, na tangu hapo alikuwa mtu wa kulala katika chumba cha mama yake, mtaani Shauri Moyo, akilishwa uji kwa kijiko. Mtaa ulikuwa umeshakata shauri: kijana alikuwa amelewa. Wengine waliongeza kwamba alikuwa akimringia Jacky wa kwaya.

Mchungaji aliingia mle na karatasi zake zimekunjwa kwapani. Akakuta moja aliyoisahau, imebandikwa ukutani mbele ya kitanda.

"Hiyo niliichukua mwenyewe," Mama Muoki alisema, akimsogezea kiti. "Anaiangalia sana. Pasta, mwanangu hajawahi kuonja pombe. Lakini hata mjomba wake sasa anasema alilewa. Wewe ulikuwepo. Waambie Jumapili, tafadhali, hata kama hatasimama tena asiitwe mlevi."

Mchungaji aliketi ukingoni mwa kiti. Alishindwa kumtazama mama, akatazama sakafu.

"Pasta, mimi si fala," Muoki alisema polepole. "Nimeogelea mto Athi tangu nikiwa mdogo. Hiyo maji ilikuwa kijani, huoni chini, na namba za ukutani zilifutika kitambo. Nikapima na hiyo picha. Wewe ni mrefu kunishinda, na maji iko kwa kifua. Hapo mtu anaruka tu."

"Ndiyo," mchungaji alisema.

"Lakini Naftaly wa kanisa akinitoa, ilikuwa inamfika mapaja. Pale pale. Nalala hapa nikiuliza kama kichwa yangu ilikuwa sawa. Niambie, maji ilienda wapi?"

"Si waliyapunguza, Pasta?" mama alidakia. "Wenye bwawa. Lazima waliyapunguza."

Lilikuwa jibu lile lile alilokuja nalo. Alikuwa amelifanyia mazoezi njia nzima, na sasa alikuwa amewekewa mkononi, bure, na mama mwenyewe. Ilibaki kuitikia kwa kichwa tu. Uso ulimwaka kwa aibu.

Aliweka karatasi chini. Akashuka kitini, akapiga magoti sakafuni mbele ya kitanda. Mama Muoki, aliyezoea maombi yake, aliinamisha kichwa na kufumba macho.

"Fumbua macho, Mama Muoki," mchungaji alisema. Magoti yake yakiwa bado sakafuni, akainua mikono yote miwili juu, kama pale ukutani. "Siku ya picha nilikuwa hivi."