Mwiba Mgongoni mwa Mtoto

Enzi ambapo wanyama walikuwa na mahakama yao, Pimbi alimshtaki jirani yake Nungunungu, aliyejivunia miiba yake kuliko kitu chochote, kwa kumchoma mwanawe mwenyewe. Pimbi alijua kuwa akishindwa, mtoto atarudishwa kwenye pango lile lile, kwa baba yule yule.

"Alianguka kichakani," Nungunungu alimwambia hakimu, swala mkubwa Pofu. "Na wewe Pimbi, mambo ya pangoni mwangu yanakuhusu nini?"

Pimbi akauinua mwiba alioung'oa mgongoni mwa mtoto, akautazama sana.

"Jirani, huenda nimekusingizia. Mwiba mnyonge hivi ni wa Kalunguyeye, yule mdogo mwenye vijimiiba."

"Kalunguyeye!" Nungunungu akafoka. "Huzioni hizo pete nyeusi na nyeupe? Mwiba huo ni wangu mimi!"

"Anayemjeruhi mtoto hufukuzwa mbugani misimu mitatu," akasema Pofu.

"Lakini huyu ni mwanangu wa kumzaa!"

"Umefanya vyema kunikumbusha. Kwa mzazi ni sita."

Pimbi akamgeukia mtoto, akamwambia, "Haya, mwanangu, twende nyumbani."