Pijo Isiyo na Klachi

Fundi alitoka uvunguni mwa Pijo kuukuu, akajifuta grisi mikononi, akasema giaboksi ya otomatiki imekubali.

Mume wa Fausta aliegemeza magongo yake, akajivuta hadi kwenye usukani. Tangu akatwe mguu wa kushoto kwa sababu ya kisukari, gari lilikuwa limelala tu hapo uani kwao Misunkumilo, maana klachi inataka mguu wa kushoto. Ndiyo sababu alimwomba fundi aing'oe giaboksi ya zamani, aweke hii.

“Mzee, herufi zimechongwa hapo pembeni mwa gia,” fundi alimwambia. “D ni mbele, R ni nyuma.”

“Naziona.”

Fausta alikuwa amesimama kwenye dirisha la gari. Alimwona mumewe akizipapasa zile herufi kwa ncha ya kidole, taratibu, kama mtu anayetafuta mwiba nyayoni. Macho yake yalitazama mbele tu.

Akawasha gari, akavuta gia. Gari likarudi nyuma polepole, likagonga pipa la maji, likasimama.

“Otomatiki hizi zinataka mazoea,” mzee alisema huku akicheka.

Fundi akainamisha kichwa. Fausta hakucheka. Sasa alielewa kwa nini siku hizi mumewe alikuwa akimwomba amsomee Injili kila jioni, akisema anapenda tu kuisikia sauti yake.

Akalifuata gari, akafungua mlango wa dereva.

“Sogea kule,” alisema. “Nifundishe.”