Kiu ya Ngiri

Zamani Ngiri na Punda Milia waliabudu mwezi mmoja, lakini kisimani Nyati mlinzi alimruhusu Punda Milia peke yake kunywa. Ngiri alimtazama jirani yake akishiba maji, wivu ukamchoma moyo.

Kicheche, aliyejiita mjumbe wa mwezi, akamnong'oneza, "Mwezi unataka uyachome malisho ya Nyati na Punda Milia." Ngiri akayachoma.

Nyati aliposikia kuwa ni amri ya mwezi, akafoka, "Dini yenu ndiyo mbaya! Ni marufuku kuabudu mwezi!"

"Mimi nauabudu tangu utotoni," akasema Punda Milia, "mbona sijachoma hata jani?"

Nyati akamgeukia Ngiri. "Basi wewe ulitumwa na nini?"

"Kiu, bwana, na kumwona mwenzangu akinywa."

Nyati akasogea kando, akamwachia Ngiri njia ya kisimani. Kesho yake Kicheche alipokuja kuhubiri, aliwakuta wote wameinama wakinywa, asiinue kichwa hata mmoja.