Kanga Husema

Kwa wiki tano kanga nyekundu ya Bimdogo ilikuwa imeanikwa dirishani, na wala haikuwa imefuliwa. Majirani wa Kichina walidhani ni uvivu wa kuanua. Mumewe tu, Abass, ndiye aliyejua: ikiwapo, msako haujaisha, pita kama huijui nyumba.

Mwaka ule wa 2009 askari wa Guangzhou walikagua paspoti hadi ngazini, na viza ya Abass ilikwisha zamani. Siku aliyowaponyoka pale sokoni Zhanxi, simu yake ilianguka ikakanyagwa na mikokoteni. Tangu hapo akawa analala leo kwa huyu, kesho kwa yule, na salamu zake zikiletwa na Dullah, mfungaji mizigo.

Karatasi za Bimdogo zilikuwa safi. Lakini mimba ilikuwa ya miezi saba, na kesho alfajiri ilimbidi apande ndege kurudi Unguja kabla wenye ndege hawajamkatalia kwa ukubwa wa mimba. Alitaka jambo moja tu: Abass aliguse tumbo lile, amtajie jina la mtoto.

"Anasema jina halitumwi," Dullah alimletea jibu. "Atakwambia mwenyewe."

Bahati nzuri, siku hiyohiyo ya mwisho Waafrika walikuwa na sherehe ya utamaduni wao, katika ukumbi juu ya mgahawa mmoja wa barabara ya Huanshi Zhonglu. Wakongo wangeleta magitaa, Wakenya nyimbo zao, na Melania, mfanyabiashara wa nguo kutoka Moshi, alikabidhiwa maonyesho ya Watanzania. Katika umati ule nani angemjua Abass? Wakapatana, kupitia Dullah, wakutane hapo saa kumi.

Asubuhi Melania alimkuta Bimdogo akifunga masanduku, chumba kimevuliwa mpaka pazia.

"Dada Bimdogo, nipe kanga. Zote ulizonazo, nitazirudisha leoleo."

"Hizo hapo kitandani, shoga yangu. Usiniunguzie kwa pasi tu."

Mchana Bimdogo aliwasili na sinia la visheti. Kwa hali yake ngazi za mbele zingemtoa roho, kwa hiyo wapishi wakampandisha kwa lifti ya jikoni.

Ukumbini alisahau uchovu. Kanga zake zilifunika ukuta mzima, na wageni walipoanza kuuliza, Melania akamsukuma mbele.

"Kwetu kanga husema," aliwaambia, huku binti mmoja wa Kichina akitafsiri. "Bibi yangu aligombana na wifi yake mwaka mzima bila kufungua mdomo. Alikuwa akivaa tu."

Watu wakacheka. Naye akacheka, jicho moja likiwa kwenye saa. Kwa miaka mitatu katika mji huu alikuwa mtu wa kuonyesha paspoti. Leo ndiyo mara ya kwanza kuulizwa habari za bibi yake.

Saa kumi ikapita. Karibu na saa kumi na moja gari la polisi lilipita chini, polepole, gitaa likanyamaza, kisha gari likaenda zake. Bimdogo alijilazimisha kuwaeleza wageni pindo la kanga ni lipi na mji wake wa katikati ni upi.

Ndipo Dullah akaingia, peke yake, jasho likimtiririka.

"Wamemkamata," Bimdogo alisema.

"Hawajamkamata, shemeji. Nimemleta mpaka mlangoni pale chini, kavaa kanzu, anacheka. Mara akasimama, akabadilika rangi, akageuka na kutimua mbio. Nimemfuata mpaka nikampoteza."

"Palikuwa na askari?"

"Hata mmoja, wallahi."

Bimdogo alimwachia Melania sinia, akazishuka zile ngazi za mbele moja moja, mkono tumboni. Nje, Huanshi Zhonglu ilijaa watu, na hakuna aliyekuwa Abass. Alisimama pale aliposimama mumewe, akainua uso.

Juu ya mlango, peke yake, imenyooshwa vizuri kwa pasi, ilitundikwa kanga yake nyekundu: *Mwenye macho haambiwi tazama.*