Ule Mlango

"Kamba ndefu tusiisahau," shemeji alisema, akikaza mkanda wa mtungi wa hewa. "Ule mlango wa chumba cha injini unajifunga wenyewe."

Mjane, aliyekuwa akikunja nguo za kuzamia, akasita.

Tangu asubuhi walikuwa sebuleni wakipanga safari: gari la kubebea mitungi, boti ya kukodi, mafuta ya kurudia, maana kule ilikozama ile meli hupati hata kiberiti. Mumewe aliingia ndani ya meli hiyo mara moja tu, mwaka jana, na hakutoka. Naye shemeji, huyu huyu, aliapa mbele ya ukoo mzima kwamba hakulowesha hata unyayo. Alisema alibaki botini ameshika kamba.

"Nani kakwambia habari za mlango?"

"Si kaka mwenyewe!"

"Alikwambia lini, shemeji?"

Mkanda ukamponyoka, ukamchapa kidoleni. Alibaki akikitazama kidole kikivimba.

Mjane akatabasamu kama mtu ambaye hakusikia kitu, akamwekea miwani ya kuzamia mapajani.

"Haya, ijaribu. Safari hii utazama wewe. Kamba nitashika mimi."